Mkwaruzo Kwenye Picha ya Ndiva

Vijana wanaonitembelea hapa Same huja na swali lilelile: "Mama, kitufe gani kinanoa picha?" Wanauliza kama mtu aliyeingia dukani kununua dawa ya mafua. Kitufe nitawaonyesha, hakina siri. Mtoto wa chekechea anaweza kukibonyeza, na hiyo ndiyo shida yake. Lakini leo umeme umekatika, kompyuta imelala, mimi nimestaafu na jicho langu la kushoto limeota mtoto wa jicho. Basi kaeni, tuzungumze bila vitufe.

Kazi yangu haikuwa kupiga picha. Wapigapicha walikuwa wengi, na maneno yao mengi zaidi. Mimi nilikuwa mkuzaji. Ulikuwa unaniletea kitu kidogo cha kutosha mfukoni, nami nakutolea kikubwa cha kutundika sebuleni, kanisani au mbele ya duka. Picha ndogo ina huruma, inaficha mengi. Ukiikuza, kila kosa linakua pamoja nayo: vumbi linakuwa kokoto, mkono uliotikisika kidogo unakuwa tetemeko.

Na hilo neno "kunoa" linawapoteza. Panga ukilinoa, makali unayapata kwenye chuma kilichopo. Picha ukiinoa hupati kitu ambacho kamera haikukiona. Unachofanya ni kuchochea ugomvi pale mwanga unapopakana na giza: upande mweupe unazidi weupe, upande mweusi unazidi weusi, na jicho la mtazamaji linaamini limeona zaidi. Si uongo mbaya. Ni kama wanja. Ukipaka kwa kiasi, watu wanasema fulani ana macho mazuri. Ukizidisha, wanasema fulani amepaka wanja.

Mimi nilizidisha, tena mbele ya mchungaji.

Alikuwa anastaafu, na kwaya ilitaka picha yake kubwa ya kumuaga. Wakati huo kompyuta ilikuwa mgeni kwangu, nikabonyeza kitufe mpaka nikaridhika, na kwenye kioo cha kompyuta ikang'aa ajabu. Ilipochapwa kubwa, mashavu ya mzee yule yalikuwa kama makorongo ya Makanya baada ya mvua. Kichwa chake kilizungukwa na uzi mweupe, kwa sababu nyuma yake palikuwa na pazia jeusi na ugomvi niliouchochea ulikuwa umevuka mipaka. Mkewe aliitazama akasema, "Huyu babu nilizaa naye lini?" Mchungaji mwenyewe akavaa miwani, akaukagua ule uzi mweupe, akasema kwa upole, "Mama, mimi bado sijafa. Hii taji umenivika mapema."

Nilirudia kazi ile. Tangu hapo sikunoa ngozi ya mtu. Noa macho, nyusi, ukosi wa shati, nywele. Mashavu yaache kama Mungu alivyoyaacha. Na usinoe kabla hujafikisha picha kwenye ukubwa itakaochapwa nao. Anayenoa kwanza kisha akakuza anakuza na makovu ya kunoa. Kunoa kuwe mwisho, kama chumvi.

Hayo mengine nilifundishwa kabla sijaiona kompyuta. Baba yangu alikuwa Mbena, alikuja huku kukata mkonge, akamwoa Mpare, nikazaliwa kambini. Nilipokuwa msichana wa kutafuta kazi, ofisi ya shamba ilikuwa inapunguza watu, siyo kuajiri. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni unaipata kwa kujuana, na suruali ina viraka vya rangi tatu. Mjini palikuwa na studio ya Mzee Kajiru, Mgweno wa mlimani. Alinichukua nimpokelee wateja. Baada ya muda akaniingiza chumba cha giza, akasema nina kipaji kimoja kikubwa: sikuwa na haraka.

Karatasi za picha zilipita Taveta kwa njia za panya, na nyingi zilifika zimeshazeeka, zikitoa weupe wa rangi ya majivu. Maji ya Same mnayajua. Picha inataka kuoshwa vizuri dawa yote itoke, na sisi tulikuwa tunanunua maji kwa dumu. Mzee Kajiru alipanga beseni kwa ngazi, maji yaliyoosha picha ya mwisho yakaoshe ile ya katikati, ya katikati yakaoshe ya kwanza. Harusi nzima iliwahi kuoshwa kwa dumu moja, na ndoa ile ipo mpaka leo.

Huyu mzee ndiye aliyenionyesha kunoa kwa mara ya kwanza. Alichukua negativu, ile filamu ambayo weupe unaonekana mweusi, akatengeneza nakala yake hafifu yenye ukungu, akaibandika juu ya ile ya kwanza, akachapa zote mbili pamoja. Picha ikatoka kali kuliko mwanzo. Nikamwambia, "Mzee, unatia ukungu ili ionekane vizuri?"

"Uji wa moto unaupozaje?"

"Naupuliza."

"Kwa pumzi ya baridi?"

Pumzi yangu ni ya moto, na uji unapoa. Alieleza baadaye kwamba ule ukungu unatuliza mwanga mpana, kingo zinabaki zimesimama zenyewe. Miaka mingi mbele, nilipofungua programu ya picha nikakuta chombo cha kunoa kimepewa jina linalotokana na ukungu uleule, nilicheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama niko salama.

Ilipokuja ruksa ya biashara huria, mambo yalifunguka kwa kishindo. Mitumba, redio za kaseti, sabuni za kila harufu. Na Moshi zikafunguliwa maabara za rangi, unapeleka mkanda asubuhi, mchana picha ziko tayari. Chumba chetu cha giza kilikosa kazi kama fundi wa taa za mafuta siku umeme ulipofika. Mzee Kajiru hakulalamika. Alisema tu, "Rangi zao zitapauka." Kweli zilipauka, lakini yeye hakuishi kuziona. Alipofariki, watoto wake waligawana nyumba na shamba la migomba kule Ugweno. Hakuna aliyetaka negativu. Nilizichukua mimi, zimepangwa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, kila moja na karatasi yake. Nikajifunza kompyuta, nikapata skana, na kazi ya kukuza ikaendelea kwa mlango mwingine.

Sasa niwape habari moja, maana ndani yake mna kila kitu ninachokijua kuhusu hicho kitufe chenu.

Juu ya Kisiwani, hukuhuku wilayani Same, mlimani, kuna kijiji chenye ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa la mawe na udongo la wazee wa Kipare. Maji ya kijito yanakusanywa humo, likijaa linafunguliwa, maji yanashuka mashambani kwa mifereji. Ndiva ya kijiji hicho ilikuwa imebomoka, na katika miaka ya shida watu waliijenga upya kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu. Siku walipomaliza walimwita Mzee Kajiru awapige picha. Alipanda na kamera yake ya kutazamia kwa juu, ile yenye filamu pana, na mkanda ulikuwa umebaki picha moja. Aliwasimamisha wote juu ya ukuta wa ndiva, mteremko ukiwa nyuma yao, akawaambia wasipumue, akapiga.

Miaka ikapita. Tangawizi ikapata soko, na watu wa kitongoji cha juu wakapanda tangawizi mpaka ukingoni mwa maji. Watu wa kitongoji cha chini wakawa wanaona ndiva inafunguliwa na maji hayawafikii. Walipodai, wakajibiwa kwamba chini hakujawahi kuwa na mfereji, kwamba walikuwa wakilima kwa mvua siku zote. Waliokumbuka walikuwa wachache, na ulipopita mfereji palikuwa pameshalimwa. Ugomvi ukafika pabaya. Kuna mtu alikatwa panga la mkono kwenye lango la maji. Uongozi wa kijiji ukaitisha mkutano, na katika kubishana mtu mmoja akasema: ipo picha ya siku ya msaragambo, ikuzwe, itundikwe, kila mtu aone kama mfereji upo au haupo.

Walikuja wawili dukani kwangu. Mmoja alikuwa Eliamani, mkulima wa tangawizi wa juu, mtu wa makamo, msemaji wao. Mwingine alikuwa Bibi Nanzighe wa chini, mama mkwe wa mdogo wangu. Walipanda basi moja na nadhani hawakusemeshana njia nzima.

"Shikamoo Bibi," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Umekonda."

Eliamani alikwenda moja kwa moja kwenye shida. "Dada, najua mdogo wako ameolewa chini. Lakini negativu unazo wewe. Tumekubaliana ukuze, na picha ije kama ilivyo."

"Itakuja kama ilivyo," nilisema.

Akaenda kutafuta dawa za tangawizi mjini. Bibi alibaki. Niliitafuta ile negativu, nikaipuliza vumbi, nikaipitisha kwenye skana kwa usomaji wa juu kabisa. Skana nyingi zinanoa zenyewe bila kukuuliza, hiyo uizime. Picha ikafunguka polepole kwenye kompyuta. Filamu pana ni mali, vijana. Watu ambao kwenye picha ya mkononi wangekuwa kama punje za mtama, pale walikuwa na nyuso. Ila zilikuwa laini kidogo, na Bibi macho yake yalikuwa mazito, kwa hiyo nikanoa harakaharaka apate kuona.

Akasogea. Akanyanyua mkono.

"Huo! Huo hapo! Mfereji wetu!"

Kwenye mteremko, nyuma ya watu, mstari mweupe ulikuwa umeshuka kutoka ukutani mwa ndiva kuelekea chini, mwembamba, unaong'aa kama maji yaliyopigwa na jua. Nami niliuona. Sitasema sikuuona. Bibi Nanzighe alikaa kwenye stuli, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Walisema mimi ni mzee nimechanganyikiwa," alisema. "Mbele ya wajukuu zangu walisema hivyo." Aliondoka amesimama wima kuliko alivyokuja.

Kesho yake nilianza kuisafisha picha kwa utulivu. Ndiyo kazi ndefu kuliko zote: unaikuza kwenye kioo mpaka kila nukta ni nukta, unatembea nayo kutoka kona hadi kona ukiondoa vumbi. Nilipofika kwenye ule mstari nikaufuata. Ukashuka mteremko vizuri. Ukafika nyuma ya bwana mmoja aliyeshika sururu. Nilitegemea uishie hapo, maana mfereji hupita nyuma ya mtu. Haukuishia. Ulipita juu ya bega lake, hafifu, ukakata mfuko wa shati, ukatokea upande wa pili.

Niliitoa negativu, nikaenda nayo dirishani, nikaiinamisha mpaka mwanga ukateleza juu yake. Ulikuwa mkwaruzo. Mkwaruzo upande wa mgongo wa filamu unautawanya mwanga, na kwenye picha unatoka mweupe. Bila kunoa usingeuona kirahisi. Nilikuwa nimeunyanyua mimi, kwa kitufe.

Tena nikakumbuka kwamba Mzee Kajiru aliujua. Alikuwa na dawa yake ya mikwaruzo, na ilikuwa bure: alipitisha kidole pembeni mwa pua, akachukua mafuta kidogo, akayapaka kwenye mkwaruzo, ukajaa, akachapa, picha ikatoka safi. Wateja wa studio yetu wengi wana picha zilizopita puani kwa Mzee Kajiru na hawajui.

Sasa mnielewe nilipokuwa nimekaa. Kipande kilichopita kwenye bega na mfuko wa shati ningeweza kukifuta kwa dakika chache. Kingebaki kile cha mteremkoni, na hakuna mtu kwenye mkutano ule angejua. Mahindi ya mdogo wangu yalikuwa yamekauka misimu miwili mfululizo. Isitoshe, Bibi hakuwa mwongo. Mfereji ulikuwepo, hata Mzee Kajiru aliwahi kuniambia alinawa miguu humo wakati wa kushuka. Mstari ulikuwa wa uongo, lakini ulisema jambo la kweli. Nilinywa chai. Nikafunga duka, nikapanda gari la Kisiwani, nikamfuata Bibi nyumbani kwake.

Nilimkuta anachambua maharage ya makande. Mdogo wangu alinipa kiti, akasimama mlangoni asikie. Nilimweleza Bibi yote. Alisikiliza bila kuacha kuchambua.

"Mkwaruzo," alisema.

"Ndiyo, Bibi. Wa filamu."

"Mwanangu, mimi nilichota maji kwenye mfereji ule na mimba ya mume wa huyu mdogo wako. Sikuchota mkwaruzo."

"Siubishi mfereji. Ulikuwa sehemu gani?"

Alinyoosha mkono. "Ulipita kushoto, karibu na mwamba."

"Huko kwenye picha wamesimama watu. Hauonekani."

"Basi picha imetuonea huruma, imeuonyesha pengine. Wewe nani akupe kazi ya kuifumba macho?"

Mdogo wangu akadakia, "Dada, wao wamelima tangawizi juu ya mfereji wetu, hawakumwuliza mtu. Wewe unaogopa mstari?"

Nikasema wakiukubali mstari ule, watachimba hapo, na hapo hawatakuta hata jiwe. Bibi akaacha kuchambua.

"Damu ya baba yako haikunywa maji ya mlima huu," alisema taratibu. "Ndiyo maana yanakuwia mepesi."

Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote niliyoambiwa katika kazi hii. Akarudi kwenye maharage yake. Niliaga. Mdogo wangu hakunisindikiza.

Nilirudi nikauondoa mkwaruzo wote, juu ya bega na juu ya mteremko, sehemu kwa sehemu, kwa kuazima nyasi na nguo za pembeni mwake kufunika pale ulipopita. Kisha nikazishughulikia nyuso. Nilifanya kazi ile kwa hasira kidogo, na hasira yangu hunifanya niwe mwangalifu. Sikunoa picha nzima. Mteremko niliuacha na ulaini wake, maana chembe za filamu zilikuwa nyingi huko, ukizinoa zinakuwa mchanga na jicho linaanza kuchora vitu mchangani. Nyuso nilizinoa moja moja, kwa upana mdogo sana, nguvu ya wastani, nikisimama kila uzi mweupe ulipotaka kujitokeza. Wapo waliokuwa kivulini kwa kofia. Hao niliwapa mwanga kwanza, kunoa baadaye. Niliwafanyia kazi hata watoto waliobebwa mgongoni.

Nikaenda Moshi, kwa Shabani, mtu wa Tabora niliyekua naye kambini, ambaye alikuwa ameajiriwa kwenye duka lenye printa kubwa. Shabani alitaka kuchapa yote mara moja. Nikamwambia akate kwanza ukanda mmoja tu, wenye nyuso tatu, kwenye karatasi ileile. Ilitoka imefifia, kwa sababu karatasi isiyong'aa inakunywa wino. Nikaongeza nguvu kidogo kupita nilivyopenda kwenye kompyuta, tukajaribu tena. Safari hii Shabani akatoka nje na ule ukanda, akausimamisha juani, akasema, "Huyu mama wa katikati anataka kupiga chafya." Hapo nikajua iko tayari. Msiamini kioo cha kompyuta kuhusu karatasi.

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la kijiji. Picha ilitandazwa ukutani, ikafunika karibu upande mzima. Watu wa chini waliutafuta mstari, maana habari zake zilikuwa zimewafikia. Hawakuuona. Minong'ono ikaanza, na macho yakanigeukia. Mdogo wangu alitazama chini.

Eliamani alisimama. Akatoa mfukoni picha ndogo, imepinda kona, ile ya Mzee Kajiru mwenyewe. "Hii ilikuwa ya marehemu mama yangu," alisema. "Nilikuja nayo makusudi. Nilisikia mstari umeonekana mjini, na hapa hamna mstari. Kama ile kubwa ingekuja na mstari, leo tusingezungumza maji. Tungezungumza polisi." Akaipitisha picha ile mkono kwa mkono, watu wakalinganisha. "Basi mmeona. Hakuna mfereji. Tufunge."

Mwenyekiti akaanza kukusanya karatasi zake.

Bibi Nanzighe alinyanyuka kutoka kwenye mkeka. Hakunitazama. Alitembea mpaka kwenye picha, akasimama karibu kabisa, pua inakaribia kugusa karatasi. Akaweka kidole kwenye uso wa kwanza kushoto.

"Huyu ni Kiondo. Alikuwa wa wapi?"

Mtu mmoja akajibu, "Wa chini."

Kidole kikasogea. "Huyu ni Namsifu. Wa wapi?"

"Chini."

"Huyu?"

"Wa juu. Baba mdogo wake Eliamani."

"Huyu?"

Wakaanza kujibu wengi kwa pamoja. Juu. Chini. Chini. Juu. Alikwenda hivyo, uso kwa uso, na kila uso ulikuwa na mtu aliyeutambua. Wengine walisogea, wengine walicheka kumwona mjomba alivyokuwa na nywele. Kwenye uso mmoja, wa bwana mwenye kofia ya pama, kidole chake kilikaa zaidi, akasema mwenyewe, bila kuuliza, "Huyu wa chini," akapita. Alipofika mwisho alisimama kwenye mama mwembamba mwenye jiwe kichwani.

"Huyu mama yako, Eliamani. Jiwe lile tulilibeba wawili, tukipokezana. Mimi huyu hapa pembeni yake, nasubiri zamu."

Eliamani alikuwa amesogea.

Bibi akawageukia watu. "Sawa, mfereji hamuuoni. Sasa mniambie. Hawa wote wa chini walipanda mlima kiangazi kizima, wakabeba mawe, wakakanyaga udongo. Walikuja kuchimba maji ya nani? Au walipanda kupigwa picha?"

Mtu alicheka nyuma, wakaambukizana mpaka wa juu nao wakacheka. Eliamani alibaki anatazama picha kubwa. Mwishowe alisema, karibu kama anajisemea mwenyewe, "Mama hakuwahi kuniambia kwamba walipokezana." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Andika zamu. Wa chini wapewe zamu."

Sitawadanganya kwamba waliishi kwa amani kama malaika. Kiangazi kilichofuata waligombana tena. Lakini waligombania urefu wa zamu. Haki ya kuwa na zamu haikuulizwa tena. Mfereji walichimba upya, upande wa mwamba, na walikuta mawe ya ule wa zamani. Mdogo wangu alivuna. Aliniletea gunia la mahindi mabichi, akaliweka mlangoni, akasema tu, "Yachemshwe leo, yatakomaa." Kwa Wapare hiyo ni hotuba ndefu. Bibi Nanzighe hakuwahi kuyafuta yale maneno aliyoniambia kuhusu baba yangu, wala sikumwomba. Tulisalimiana. Shikamoo, marahaba, umekonda.

Baada ya miaka michache Eliamani alikuja dukani. Alitaka nichape ile picha upya. Nilishangaa, maana wino ule haukuwa wa kupauka upesi, na ghala lina kivuli. Nikaenda kuiangalia. Mteremko ulikuwa mzima, anga nzima, ukuta wa ndiva mzima. Nyuso ndizo zilizokuwa zimechakaa, zimesuguliwa na vidole, na mmoja, wa bwana mwenye kofia ya pama, ulikuwa umebaki doa jeupe kabisa.

"Niliwaambia muiwekee kioo," nilisema.

"Tuliweka," Eliamani alijibu. "Bibi Nanzighe akaamuru kitolewe. Alisema kioo kinamzuia kumshika mume wake."

Nikaikunja picha ile, nikapanda gari la Moshi, nikachapa nyingine. Kioo sikukitaja tena.